Mvua ndiyo adui: kuishi wawili ndani ya mashua kuukuu ya mbao, Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioko Kisumu

Mtu akitaka kununua mashua kuukuu ya mbao hapa Kisumu, jambo la kwanza ni kuinama atazame chini, pale mbao zinapokutana na ziwa. Tungemshauri aanze juu. Ubao uliozama saa zote hauozi upesi, kwa sababu kuvu inayoozesha mbao inahitaji hewa, na ubao ulioshiba maji hauna hewa ndani yake. Kinachomaliza mashua ni maji ya mvua yanayopenya kwenye nyufa za sitaha, yakaenda kukaa nyuma ya mataruma, yaani miti iliyopinda inayoshikilia mbao kwa ndani, na chini ya fremu za madirisha. Huko hewa ipo, joto lipo, na jua halifiki. Kule Lamu na Mombasa maji ya chumvi huzuia kuvu kwa kiasi fulani, na hofu ya mabaharia ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Ziwa Victoria ni maji baridi: mdudu huyo hayupo, lakini na chumvi haipo.

Piga hesabu ndogo. Mashua ya mita 8 kwa 2 ina eneo la mita za mraba 16. Mvua moja nzito ya milimita 30, ambayo si ajabu hapa kati ya Machi na Mei, inaiangushia lita 480. Hiyo ni karibu nusu tani ya maji yanayotafuta tundu kwa jioni moja. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya rangi na kabla ya injini, ni turubai nzuri. Lisilazwe juu ya sitaha. Lifungwe juu ya boriti ya katikati ili literemke pande zote mbili, na kati yake na sitaha ibaki nafasi ya sentimita 30 au zaidi hewa ipite. Turubai lililogusa mbao hufungia unyevu ndani, na miezi sita baadaye utakuta rangi imevimba kama malengelenge.

Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 uko salama na kuvu. Kipimo cha umeme cha unyevu kinasaidia, lakini bisbisi na nyundo ya mbao vinatosha kwa mtu mwenye subira. Gonga kila ubao kwa hatua za sentimita 10. Mbao nzima hulia wazi, mbovu hutoa sauti ya kufa, kama unagonga gunia. Palipolia vibaya, choma kwa ncha ya bisbisi. Ikizama zaidi ya milimita 3 bila nguvu, pameoza. Msisahau vichwa vya mbao, maana ubao hunywa maji kupitia kichwa kuliko ubavuni. Tazameni pia chini ya kila nguzo ya kufungia kamba, na pembe za nyuma, tezini, ambako mvua hukusanyika mashua ikiwa imeinama kidogo.

Katika mashua nyingi za ziwani, mishono, pale ubao unapokutana na ubao, imefunikwa kwa utepe wa bati uliopigiliwa misumari. Unazuia maji kwa muda, lakini pia unaficha. Kabla ya kulipa hata shilingi, omba ruhusa ya kubandua utepe sehemu tatu tofauti. Mwenye mashua akikataa, umeshajua kilicho chini yake.

Palipooza, msipake dawa juu ya uozo. Kateni hadi mfike kwenye mbao nzima, kisha ongezeni sentimita 30 nyingine kila upande. Kipande kipya kiungwe kwa mshazari wa moja kwa nane: ubao wa unene wa milimita 25 unahitaji mshazari wa milimita 200. Mvule ndio mbao bora, ila umekuwa adimu na ghali. Saiprasi iliyokauka vizuri inafaa. Mkaratusi una nguvu lakini hupinda na kupasuka, na paini isiyotiwa dawa haifai hata kwa sakafu. Misumari iwe ya kupakwa zinki, na kamwe isirudishwe kwenye tundu la zamani. Toboa jipya kando. Kazi hii ni ya watu wawili hasa: mmoja yuko nje anapigilia, mwingine ndani ameshikilia nyundo nzito dhidi ya ncha ili msumari ujikunje na kuuma taruma. Bila uzito huo wa ndani, kila pigo linalegeza misumari ya jirani. Badilishaneni nafasi, kila mmoja ajue mkono wa mwenzake.

Mbao zilizo juu ya mstari wa maji zinastahili kinga. Yeyusha gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki katika lita 8 za maji moto, upake mara tatu kwenye mbao isiyo na rangi, ukiacha siku moja kati ya mpako na mpako. Mchanganyiko huu husafiri ndani ya ubao kwa kutumia unyevu uliomo, kwa hiyo ubao wenye unyevunyevu huupokea vizuri kuliko mkavu kabisa. Ila huoshwa na maji, basi ukikauka, ufunikwe kwa rangi ya mafuta. Ndoo iliyotumika isirudi jikoni.

Kisha kuna ngama, sehemu ya chini kabisa ambako maji yote hukusanyika. Kila taruma lina kitundu chini cha kupitishia maji kuelekea kwenye pampu. Kikiziba kwa taka na vumbi la mbao, maji hukaa kati ya mataruma mawili na hayaonekani. Dawa yake ni rahisi: pitisha mnyororo wa baiskeli uliokwisha kazi katika vitundu vyote, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uuache humo, na kila Jumamosi uuvute mbele na nyuma mara kumi. Mbao za sakafu zisipigiliwe misumari. Ziinuliwe kila siku ya jua, na ngama iachwe wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa.

Tunapinga kabisa mambo mawili ambayo mafundi wengi hupendekeza: kumwaga saruji ngamani, na kufunika mashua kuukuu yote kwa fiberi na gundi. Mbao za mashua ya mishono hutanuka na kusinyaa. Kifuniko kigumu hakifuati mwendo huo, kinapasuka, maji yanaingia yasitoke, na mashua huoza ikiwa ndani ya ganda linalong'aa.

Kuhusu maisha ya kila siku, la kuua haraka kuliko yote ni gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka ngamani na kungoja cheche ya swichi ya pampu. Mtungi wa kilo 6 ukae nje kwenye sitaha, ndani ya sanduku lenye tundu chini linalotokea nje ya mashua. Funga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu, kila baada ya kupika. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni mara moja kwa mwezi. Jiko la makaa lisiingie chumbani hata kama mvua inanyesha na ni makaa machache yaliyobaki: moshi wake usioonekana hauna harufu, nao huua.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu kwa siku, yaani lita 70 kwa wiki kwa watu wawili. Mitungi minne ya lita 20 inatosha, ijazwe mjini, ipangwe katikati ya mashua na chini, kwa sababu kilo 80 zikikaa upande mmoja mashua italala. Maji ya ghuba yakigeuka kijani kizito, msiyanywe hata yakichemshwa. Mwani ule hutoa sumu isiyoondolewa na moto. Maji ya kuogea na kufulia yatekwe mbali na ufuo na magugu, yakae ndooni saa 48. Viluwiluwi vya kichocho hufa katika muda huo. Kwa sababu hiyohiyo, kusugua utelezi wa mwani chini ya mashua kufanyike kwa brashi yenye mpini mrefu mkiwa juu ya mashua, si kwa kusimama majini. Saa za katikati ya mchana ndizo mbaya zaidi. Faida ya maji baridi ni kwamba hakuna kombe zinazong'ang'ania chini, kwa hiyo rangi ghali ya shaba haihitajiki. Sugueni kila wiki sita.

Choo kisimwage ziwani. Ndoo ya lita 20 yenye kitenganisha mkojo na kopo la maranda ya seremala baada ya kila matumizi haitoi harufu. Kilichomo kiende kwenye shimo la mboji nchi kavu na kikae mwaka mzima.

Umeme: paneli ya wati 200 kwa saa tano za jua kamili, ukitoa upotevu, inatoa wati-saa 700 hivi kwa siku. Taa nne na simu mbili hula 110. Friji ndogo peke yake hula 540, na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Siku mbili za mawingu na mmeiua. Maoni yetu ni kuacha friji. Samaki hupatikana wabichi kwenye ufuo wa Dunga kila asubuhi. Waya usiwe mwembamba: ampea 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, hupoteza volti 0.84. Waya wa 6 hupoteza 0.35 tu.

Injini ya dizeli haituchoshi sana. Oili kila saa 100 za kazi, tangi lijazwe ili mvuke usigande ndani, kichujio kimwagwe maji kila wiki. Pale shafti ya kuzungusha rafadha (pangaboi inayosukuma mashua) inapotokea nje ya mashua, kamba ya mraba iliyolowa grisi inayozuia maji ikatwe pete tatu au nne, ncha zake zikatwe mshazari na viungo visikae mstari mmoja. Ukikaza hadi isidondoke hata tone, shafti italika. Matone mawili au matatu kwa dakika injini ikizunguka ndiyo sahihi.

Tatizo la kweli ni magugumaji. Mizizi yake hufyonzwa kwenye bomba la maji ya kupozea, na injini huchemka ndani ya dakika chache. Mnapoona kisiwa cha magugu kinakuja, zimeni injini mapema na msukume kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Panga la kukata mizizi kwenye rafadha lishikwe baada ya ufunguo wa injini kutolewa na kuwekwa mfukoni mwa yule anayekata, si wa mwenzake. Tena msilale nanga mahali ambapo upepo utaleta kisiwa: uzito wake ukiegemea mashua usiku, nanga hung'oka. Kwa kawaida asubuhi upepo hutoka nchi kavu, na baada ya saa sita mchana hugeuka ukatoka ziwani kuelekea mjini, kwa hiyo duara lote ambalo mashua huzunguka nanga yake liwe tupu. Kina kikiwa mita 4 na omo liko mita 1 juu ya maji, kamba iwe mita 35, yaani mara saba. Tope la ghuba ni laini. Nanga ya mabapa mapana hushika kuliko ile ya kulabu nne. Mmoja akiwa omoni na mwingine usukanini, tumieni ishara za mikono. Injini inapiga kelele na kupayukiana hakufiki.

Kando ya kila tundu lililo chini ya mstari wa maji, fungeni kizibo cha mbao laini kwa kamba. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini huingiza lita 55 hivi kwa dakika, karibu ndoo tatu. Wote wawili wajue kila kizibo kilipo gizani.

Kazi kubwa ya mwaka ni kuvuta mashua nchi kavu na kukalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba. Januari hadi Februari ndio wakati, lakini jua la Kisumu ni kali na hapa ndipo wengi huharibu. Mbao zikikauka, mishono hufunguka. Mtu akiona nyufa pana hujaza pamba kwa nguvu, mashua ikirudi majini mbao hutanuka, zinakosa nafasi, na mataruma yanapasuka. Siku za kukaa nchi kavu zisifike 10. Funikeni mbavu kwa magunia yaliyolowa kila asubuhi na jioni, mkifunua tu sehemu mnayoifanyia kazi. Kwaruzeni pamba ya zamani, pakeni rangi ya kwanza ndani ya mshono, kisha nyuzi mpya za pamba zisukumwe kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kwa mapigo mepesi yanayolingana. Kwenye ubao wa milimita 25, pamba iishie milimita 7 ndani ya uso. Juu yake ni kandika ya unga wa chaki kilo moja kwa gramu 180 za mafuta ya kitani, ikandwe kama unga wa chapati hadi isinate mkononi.

Ikirudi majini itavuja, na hilo ni la kawaida. Iacheni imefungwa kwenye kina kidogo siku tatu, mkipokezana usiku kila saa mbili kwenye pampu, na kila aliye zamu aandike idadi ya mapigo ya pampu hadi ngama ikauke. Idadi ishuke kila zamu. Mshono ambao siku ya tatu bado unatiririka, wekeni alama ya chaki ndani, kwa kuwa mkishaivuta tena na ikakauka hamtaujua ni upi.