Mizani "inayoandika Kichina" haijafa

Jumatatu simu ikaita tena: "Fundi, mizani imekufa, inaandika Kichina kwenye kompyuta. Njoo na sensa mpya." Hii ni ya tatu tangu msimu wa kahawa uanze hapa Moshi, na mara zote tatu sensa, yaani kihisi kinachopima uzito, ilikuwa nzima. Nimechoka kuona watu wakinunua vipuri wasivyovihitaji.

Mizani iliyokufa huwa kimya. Ikitoa takataka, ujue waya umefika na inaongea, ila kompyuta haielewi. Sensa ikiharibika utaona kwenye kioo cha mizani yenyewe: namba zinacheza au zimeganda. Kioo kikisoma vizuri, usiiguse sensa.

Kasi ya kutuma data, yaani biti ngapi kwa sekunde, kila mtu anaijua, sitakaa hapo. Mizani iko 2400, kompyuta iko 9600, karibu kila herufi inavurugika. Linganisha, endelea.

Kinachoniumiza ni pariti. Kila herufi hupita kwenye waya kama biti, yaani mfululizo wa 0 na 1; pariti ni biti ya ukaguzi inayoongezwa ili idadi ya 1 iwe shufwa (au witiri, kadiri ulivyopanga). Mafundi wengi wakishaweka kasi wanaona wamemaliza, kumbe mizani mingi hutumwa ikiwa 7E1: biti saba za herufi, biti moja ya pariti shufwa, biti moja ya kusimama. Kompyuta nayo inasubiri 8N1: biti nane za herufi, bila pariti, biti moja ya kusimama. Saba na moja ni nane, kwa hiyo hakuna upande unaolalamika. Kompyuta inaichukua ile biti ya pariti kama sehemu ya herufi. Herufi yenye idadi shufwa ya 1 inapita salama, kwa kuwa pariti yake ni 0; yenye witiri inaharibika.

Sasa hesabu tarakimu. 0, 3, 5, 6 na 9 zinapita. 1, 2, 4, 7 na 8 zinaharibika. Nukta inapita.

Kijana wa ghalani aliniambia, "Fundi, gunia la kilo 60 linasoma safi, likifika 61 ndipo inachanganyikiwa." Wenzake walikuwa wameshakubaliana kuwa sensa imechoka, haibebi zaidi ya 60. Nikamwomba aniwekee gunia. Kwenye skrini ikaja 60.0 safi kabisa, na baada yake, mahali pa kg, alama mbili zisizosomeka. Herufi k na g kila moja ina 1 tano, witiri. Zilikuwa zimeharibika msimu mzima, hakuna aliyezitazama kwa sababu macho yalikuwa kwenye namba.

Kwenye Linux dawa yake ni mistari miwili:

stty -F /dev/ttyUSB0 2400 cs7 parenb -parodd -cstopb -crtscts
cat /dev/ttyUSB0

Angalia hiyo alama ya kutoa kabla ya parodd. Ndiyo inayosema shufwa. Ukiisahau umeweka witiri, na utarudi kulaumu waya. Na tafadhali: stty inapanga mlango wa kompyuta tu, haigusi mizani hata kidogo. Nimemkuta mtu ameandika amri hiyo mara kumi akitegemea mizani ibadilike. Tena programu ya ghala ikifungua mlango huo huo, inaweka mipangilio yake juu ya yako, kwa hiyo ndani ya programu nako lazima ubadilishe.

Kuna anayeuliza kwa nini nisiibadilishe mizani iwe 8N1 tukamaliza. Inawezekana, na huenda ingekuwa rahisi kwa atakayekuja baada yangu. Jambo hili bado linanisumbua. Lakini mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na yenye sili sipendi kuingia kwenye menyu zake nikiwa na haraka. Naigusa kompyuta.

Jambo lingine ambalo sina msimamo nalo: vitabu vinasema waya wa RS-232, yaani huo unaounganisha mizani na kompyuta, usizidi mita 15. Kwa kasi ya 2400 nimepitisha waya mrefu kuliko huo ghalani na unafanya kazi hadi leo. Sithubutu kukwambia ufanye hivyo palipo na mota za kukobolea kahawa.

Kwa hiyo kabla hujanipigia, weka gunia la 60, kisha la 61, unipigie picha skrini yote, mpaka mwisho wa mstari, pale penye kg.