Foleni pepe ni nini?

Maji yakiadimika mitaani Lamu, kwenye bomba linalotoa maji hupangwa mitungi, si watu. Mwenye mtungi ameuacha kwenye mstari, amerudi nyumbani kukuna nazi, na akirejea nafasi yake ipo. Hiyo ndiyo foleni pepe: nafasi yako inasubiri, wewe unaendelea na shughuli zako. Pepe ni ile ya barua pepe, na mtungi umegeuka tiketi au ujumbe wa simu.

Dhana hii ilivuma katika bustani kubwa za burudani za Marekani, ambako watu husimama hata saa nzima wapate kupanda treni ya kupinduka hewani kwa dakika chache. Mwaka 1999, Walt Disney World ya Florida ilianzisha FastPass. Mgeni alitia tiketi ya kiingilio kwenye mashine, ikampa karatasi yenye saa ya kurudi, bila malipo ya ziada. Utaratibu huo ulifungwa rasmi mwaka 2021, ukafuatwa na wa kulipia.

Wengi hudhani foleni pepe hupunguza foleni. Haipunguzi. Bomba likijaza mtungi mmoja kwa dakika 2, na mbele yako ipo 40, utangoja dakika 80, uwe umesimama juani au umelala barazani. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni yake kwa hesabu: idadi ya waliomo folenini ni kasi ya wanaoingia mara wastani wa muda wanaongoja. Hapa, mitungi ikija kwa kasi ileile inayojazwa, ni nusu mtungi kwa dakika, mara dakika 80: mitungi 40. Kasi ya bomba ikibaki ileile, muda hupungua pale tu mitungi inapopungua.

Tena ina dhuluma ndani yake. Aliyeacha mtungi hapa huenda kupanga mwingine bomba la pili, na mtu mmoja akawa katika foleni mbili. Mwenye kusimama kwa miguu yake huwaona wenye tiketi wakija na kupitishwa mbele yake. Hilo la kulipia ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu muda wa mnyonge ndio unaouzwa.

Anayetaka kukwepa foleni kweli na aende mitungi ikiwa michache: awe kwenye lango la bustani kabla halijafunguliwa, aende kwenye michezo inayopendwa zaidi kwanza, kisha arudi huko wengine wakila au wakitazama gwaride.

Ipo na njia ya msafiri wa peke yake. Ukifika gati ya Mokowe, ya boti za kwenda Lamu, ukamsikia nahodha akiita "Bado mmoja!", wewe usiye na mwenzio utaingia na kuipita familia ya watu wanne isiyotaka kutengana. Baadhi ya bustani zina mstari maalumu wa namna hii, wa kujaza viti vilivyobaki. Familia ikikubali kila mtu akae alipopata, yote itapanda mapema.

Na mwenye mtoto mdogo asikate tamaa. Bustani nyingi humruhusu mzazi mmoja apande huku mwenzake amemshika mtoto, kisha wabadilishane, na huyu wa pili hapangi foleni upya.