Kabla ya kumchagulia baba kijiji cha wastaafu, uliza Jumanne yake ikoje

Mwezi wa tano kijana mmoja anayeishi Phoenix, Arizona, alinitumia video kwa WhatsApp. Bwawa la kuogelea, wazee wenye mvi wakicheza dansi, vigari vya gofu vikipita kwenye barabara isiyo na shimo hata moja. Chini yake ameandika: "Dokta, papa ataweza kuishi huku?" Papa mwenyewe ana miaka 67, anakaa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, na goti lake la kulia liko mikononi mwangu tangu mwaka jana. Mimi si dokta, ni kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa miaka kumi na nane hapa Lubumbashi kazi yangu ni kuwarudisha wazee kwenye miguu yao. Ila nimeacha kubishana. Mbele ya familia, kila mwenye koti jeupe ni dokta.

Nilidhani nitamjibu kwa maneno mawili. Siku tatu baadaye nilikuwa bado nasoma makaratasi aliyonitumia, na kila ukurasa ulinikumbusha wagonjwa wangu wa hapa, wale ambao watoto wao wanawajengea nyumba kubwa kule Kalebuka au njia ya Kasapa bila kuwauliza kitu. Swali ni lilelile: mtu ameacha kazi, nguvu bado anazo, akae wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Vijiji hivi vya Marekani si nyumba za wazee kama zile za masista, ambako mtu analishwa na kuogeshwa. Ni mitaa ya kawaida, kila mtu na nyumba yake, ila umri ni sharti. Youngtown, pembeni ya Phoenix, ilianza mwaka 1954 kwa wazo la Ben Schleifer. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi Del Webb akafungua Sun City jirani yake, na ujanja wake ulikuwa huu: uwanja wa gofu, duka na jumba la burudani alivijenga kabla watu hawajanunua. Mpaka hapo mstaafu alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti na kungoja. Webb alimwambia kwamba ana miaka ishirini ya kucheza, na watu wakapanga foleni.

Sheria ya huko inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, lakini makazi ya wazee yamepewa ruhusa ya pekee. Kwa kanuni ya mwaka 1995, katika kila nyumba 100 zenye watu, angalau 80 lazima ziwe na mkazi mmoja aliyefikisha miaka 55. Wajukuu wanaruhusiwa kutembelea, ila kwa siku zinazohesabiwa: sehemu nyingine 30 kwa mwaka, nyingine 90. Youngtown yenyewe sharti la umri liliondolewa mwaka 1998, baada ya mgogoro juu ya kijana aliyekuwa akiishi kwa babu na nyanya yake. Nilipomsomea papa habari hiyo alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya goti. Kisha akakaza uso: "Sasa bajukulu bangu batabakia inje sawa bageni?"

Sikumjibu. Nilimpa kalamu na karatasi.

Hicho ndicho ninachofanya na kila mzee, na ni bure. Namwambia aniandikie Jumanne iliyopita. Sitaki Jumapili, maana Jumapili kila mtu ana maisha mazuri: misa, nguo safi, watoto wamekuja kula bukari (ugali) na kuku. Jumanne ndiyo inasema ukweli. Papa aliandika hivi: saa kumi na moja kuamka, kumwagilia mboga, kumpeleka mjukuu shule kwa miguu. Kupita kwa fundi wa redio, "kumusalimia tu" (dakika hamsini, nilimbana akakubali). Sokoni na mama. Kulala. Saa tisa, dami (drafti) chini ya mwembe, mpaka jua linashuka. Jioni, mjukuu na hesabu zake.

Nikamwomba atie alama kwenye kila jambo analolifanya na mtu aliye chini ya miaka 55. Alitia alama kwa mjukuu, kwa fundi, kwa mama wa mboga, na kwa wawili kati ya watatu anaocheza nao dami. Karibu siku yake nzima inasukumwa na watu ambao kwenye kijiji kile wangekuwa wageni wa siku zenye kikomo.

Msinielewe vibaya, siko hapa kuvisema vijiji hivyo. Nilikuwa na mama mmoja mjane, miaka 63, anakaa kwa mtoto wake kwenye nyumba nzuri ya mtaa wa Golf. Jumanne yake ilikuwa na mistari miwili: kulinda nyumba, kuangalia televisheni. Lango limefungwa, watoto kazini, jirani hamjui hata jina. Alikuja kwangu kwa maumivu ya mgongo, na mgongo haukuwa na kitu. Yule, ungempeleka mahali penye kwaya asubuhi na kucheza jioni, na watu wa rika lake wanaomwita kwa jina, angepona ndani ya mwezi. Tulichompata ni Kipendano, kikundi cha akina mama cha kanisani kwake, na likelemba (upatu) ya akina mama wanane. Siku hizi anakosa miadi yangu kwa sababu hana nafasi. Wengine wanasema mzee wa Kiafrika mahali pake ni kwa watoto wake, basi. Mimi nimeona wazee wanaozeeka upesi kwa watoto wao kuliko kwingine kokote, kwa hiyo neno hilo silipokei hivihivi.

Sisi watu wa Katanga, kwa kweli, tungepaswa kuwa mabingwa wa somo hili. Nani hapa hajakulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, au hana mjomba aliyekulia kambini? Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilitoa nyumba, poso (chakula cha mgawo), hospitali, shule, fwaye (jumba la mafunzo) ya akina mama, sherkle (klabu) ya kunywa na kucheza. Watu walisema kampuni njo baba, njo mama, na hawakutania. Jumba la burudani la Sun City lisingewashangaza wazee wetu hata kidogo. Lakini pia tumeona mwisho wake. Shaba ilipoanguka miaka ya 1990 Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ikaanguka nayo, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari. Kwenye mji mmoja wa migodi nilikuta bwawa la kuogelea la sherkle limepandwa mahindi. Yalikuwa yamestawi vizuri, nikiri.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kijana wa Phoenix halikuhusu bwawa. Nilimuuliza bwawa ni la nani. Je, ni la wakazi wenyewe, wanaochagua viongozi na kuona mahesabu, au ni la kampuni inayoweza kuuza kesho? Makato ya kila mwezi ni kiasi gani, na miaka mitano iliyopita yalikuwa kiasi gani? Paa la jumba likibomoka, wakazi wanachangishwa? Hakuwa amefikiria. Aliniambia atauliza, na majibu aliyoleta wiki iliyofuata hayakumfurahisha: makato yanapanda, na mchango wa dharura upo kwenye mkataba. Mtu mwenye pensheni isiyopanda anatakiwa kusoma ukurasa huo mara mbili, awe Arizona au awe hapa kwenye nyumba ya kupanga.

Na matibabu? Watu wanadhani kijiji cha wazee kina wauguzi. Kwa kawaida hakina; kimejengwa kwa ajili ya wenye nguvu. Kuna jambo zaidi kwa familia zetu: mzazi anayefika Marekani baada ya miaka 65 haingii Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, siku ya kwanza. Akiwa na ukazi wa kudumu anatakiwa kwanza akae miaka mitano mfululizo, na kama hakuwahi kufanya kazi huko, hata hapo atalipia. Katikati ya hiyo miaka mitano kuna goti.

Tuje kwenye goti basi, hapa ndipo nyumbani kwangu.

Weka kiti kisicho cha kuyumba. Pima mita tatu, chora alama chini. Mzee akae, na ukisema "twende" asimame, atembee kwa mwendo wake wa kila siku mpaka alama, ageuke, arudi, akae. Hesabu sekunde. Akitumia 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, hata kama anakwambia yeye ni chuma. Papa alitumia 14 mwezi wa tano. Kipimo hiki fanya kabla hujatazama nyumba yoyote, maana kitakuambia utazame nini.

Huku kwetu kinachowaangusha wazee ni vitu tunavyojivunia. Karo, yaani vigae, kwanza. Kila mtoto aliyefanikiwa anamwekea mzazi karo zinazong'aa kama kioo, mpaka bafuni, mpaka kwenye baraza inapopiga mvua. Sijui ni mifupa mingapi ya nyonga nimeona iliyoanzia kwenye karo ya Januari. Karo ya bafuni iwe ya kukwaruza, na ukutani kuwe na bomba la kushika, lililofungwa kwenye tofali, siyo kwenye plasta. Pili, ghorofa: "chumba cha papa tumekiweka juu, apate hewa." Hewa ataipata kweli, kwa sababu hatashuka tena. Tatu, daraja la mtaro mbele ya lango, vile vibao viwili vya mbao. Mzee akishaogopa vibao vile, dunia yake imeishia langoni.

Halafu toka nje uhesabu. Kutoka kwenye lango, kwa mita 400 au 500, ambazo mzee wa kawaida atazitembea akiwa na mahali pa kupumzika, kuna nini? Mitaa yetu ya Kenya na Katuba ina kelele, vumbi, na SNEL, shirika la umeme, inakata umeme inavyotaka, lakini kuna soko, kanisa, duka la dawa, kinyozi, na mtu wa kumwuliza mwenzake "baba fulani leo sijamuona". Kule pembezoni kwenye parseli (viwanja) kubwa kuna utulivu, mahindi, kuku, na teksibasi iko mbali. Mwenye shamba moyoni atafurahi huko kwa miaka kumi, mradi ana jirani wa kweli na njia isiyogeuka tope Desemba. Mtu wa dami na redio atanyauka. Na Sun City nayo, kwa uzuri wake wote, ilijengwa kwa mtu anayeendesha gari au kigari cha gofu. Nilimwuliza kijana: siku papa akishindwa kuendesha, atafikaje kwenye hilo bwawa?

Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na mazoezi ya kushika mizani ya mwili siku tatu. Nimepiga hesabu ya Katuba: shule ya mjukuu kwenda na kurudi tu inampa papa zaidi ya hizo, na hajui kama anafanya michezo. Mazoezi yaliyojificha ndani ya shughuli ndiyo yanayodumu. Ya kwenye bwawa yanadumu kwa anayependa bwawa.

Kuhusu kutembelea kabla ya kuamua, nasema nenda wakati mbaya. Nyumba ya Lubumbashi itazame Januari baada ya mvua ya usiku, siyo Julai ardhi ikiwa kavu na kila avenyu ni nzuri. Phoenix ni kinyume: Januari ni paradiso, Julai ni tanuri. Mwaka 2023 jiji lile lilipita siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Sisi tunaokaa mita 1,200 juu ya bahari, tunaovaa makoti mwezi wa sita, hatulijui joto hilo, na mzee hawezi kutembea ndani yake. Lala huko wiki nzima kama inawezekana. Usizungumze na muuzaji peke yake. Tafuta mkazi aliyefika miaka minane iliyopita, umwombe akuonyeshe wenzake wa miaka 80 wako wapi na wanafanya nini saa nne asubuhi. Kama hawaonekani, uliza walikwenda wapi.

Papa na mwanawe wamezungumza sana, mara mbili kwa sauti ya juu. Mwana aliumia, alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya zawadi hii, na zawadi ikikataliwa ni neno zito kati ya baba na mtoto. Mama ndiye aliyetengeneza. Alisema waende wote wawili, lakini kama wageni, baada ya joto la huko na kabla ya kupanda mahindi huku. Ukitazama kalenda unabaki na Oktoba peke yake, na wiki moja ya kugombania pembeni.

Mpaka hapo tuna kazi. Kwenye kiti tumeshuka kutoka sekunde 14 hadi 11, na sasa papa anajipima mwenyewe kila asubuhi kwa simu ya mjukuu, anashangiliwa. Juzi alimtumia mwanawe ujumbe wa sauti akiuliza kama kwenye lile jumba wanacheza dami. Mwana akajibu kwamba kuna karata, useremala, ufinyanzi na gofu. Papa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena: na dami?

Bado tunangoja jibu.