Idadi ya vyama haiamuliwi na Msajili wa Vyama vya Siasa

Kila uchaguzi unapokaribia, sisi tunaotoa elimu ya mpiga kura hupokea ombi lilelile: futeni vyama vidogo, vibaki viwili kama Marekani. Wanaoomba wana nia njema. Wamechoka kukutana na majina wasiyoyajua kwenye karatasi ya kura. Lakini ombi hilo limepelekwa kusikohusika.

Marekani haina sheria inayosema vyama viwe viwili. Vingine vipo na vinasimamisha wagombea. Kinachovibana ni jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa ushindi. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea binafsi, alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais, lakini hakuambulia hata mjumbe mmoja kati ya wale wanaomchagua Rais, kwa kuwa hakuongoza katika jimbo lolote. Mpiga kura akishaliona hilo, safari ijayo humpa kura mwenye nafasi ya kushinda, hata kama moyo wake uko kwingine.

New Zealand nayo ilikuwa hivyo, vyama vya Labour na National vikipokezana madaraka. Mwaka 1981 chama cha tatu, Social Credit, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na viti 2 kati ya 92. Mwaka huohuo Labour iliizidi National kwa kura na bado ikabaki upinzani, kama ilivyokuwa 1978. Malalamiko yakazaa kura ya maoni ya 1993, na kuanzia 1996 viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura. Kilichobadilishwa ni hesabu tu. Tangu hapo chama kimoja kimepata wingi wa viti peke yake mara moja, mwaka 2020.

Wanaotaka viwili kwa amri waitazame Nigeria. Mwaka 1989 mtawala wa kijeshi, Jenerali Ibrahim Babangida, alivikataa vikundi vyote 13 vilivyoomba usajili, akaunda vyama viwili mwenyewe: SDP, nembo yake farasi, na NRC, nembo yake tai. Serikali ikaviandikia ilani na kuvijengea ofisi. Uchaguzi wa Rais wa Juni 12, 1993 ukafutwa na utawala uleule, na Novemba Jenerali Sani Abacha akatwaa madaraka na kuvivunja vyote viwili. Kilichoundwa kwa amri kiliondoka kwa amri.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi inafuata mfumo wa vyama vingi, na utaratibu uko wazi. Chama huanza na usajili wa muda. Ndani ya siku 180 kinatakiwa kuomba usajili wa kudumu, kikiwa na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10. Kati ya mikoa hiyo, miwili iwe ya Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba. Kumi ya Bara pekee haitoshi, hata ikiwa na wanachama maelfu. Muda ukipita, usajili wa muda unakoma. Chama chenye usajili wa kudumu kinaweza kufutwa kikikiuka Sheria ya Vyama vya Siasa, baada ya kupewa taarifa ya maandishi na nafasi ya kujieleza. Kupata kura chache si kosa. Hili tumelieleza mara nyingi, na tunaomba lieleweke.

Zanzibar inaonyesha jambo jingine. Vyama vilivyosajiliwa ni vingi, lakini tangu 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alipotangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, ushindani umekuwa wa pande mbili, wenye mizizi iliyoanza kabla ya Mapinduzi. Machi 2019, baada ya Mahakama Kuu kuamua kesi ya uongozi wa CUF, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo. Bendera zikashushwa, ofisi zikapakwa rangi mpya, na wafuasi wengi wakamfuata. Jina la chama lilibadilika. Upande wa pili ukabaki palepale. Hakuna daftari la usajili lililouunda upande huo, na hakuna litakaloufuta.

Makala haya hayapendekezi mfumo wowote. Anayeona kura zinahesabiwa vibaya atoe maoni yake wakati Katiba na sheria za uchaguzi zinapojadiliwa, au amwone mbunge wake. Barua ya kutaka vyama vifutwe kwa sababu ni vingi haina kifungu cha sheria cha kuifanyia kazi.