Kwa nini mvulana hana mwili kule Jorvik

Kazi yangu ni kuunda miili ya wahusika wa gemu: mifupa, viungo, nguo, na namna vyote hivyo vinavyosogea pamoja. Nashughulika zaidi na gemu zenye wanyama wa kupandwa, na wazazi wanaofahamu hivyo huniuliza swali moja kila mara. Mwanangu wa kiume anapenda farasi kupita kiasi, mbona kwenye Star Stable Online hawezi kuwa mvulana?

Kwa asiyeijua, Star Stable Online ni gemu ya mtandaoni inayotengenezwa Stockholm, Uswidi, na imekuwa hewani kimataifa tangu mwaka 2012. Unaishi kwenye kisiwa cha kubuni kiitwacho Jorvik, unamlisha na kumsugua farasi wako, unashindana mbio za kuruka viunzi, na polepole unaingia kwenye hadithi ya wasichana wanne wapanda farasi wenye nguvu za ajabu. Unachagua uso, nywele, rangi ya ngozi na jina. Lakini kwa miaka yote niliyoifuatilia, mwili unaopewa ni wa msichana tu.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kuongeza mvulana ni kazi kubwa. Mimi naifanya kazi hiyo, kwa hiyo naomba niieleze ilivyo, kwa sababu ukubwa wake unatoka mahali ambapo wengi hawatazami.

Wengi huanza kwa kusema: mbona wanaume wamo tayari? Ni kweli wamo. Yupo mzee Thomas Moorland mwenye mazizi, yupo mwanawe Justin, yupo adui mkubwa Mr Sands. Kwa nini mchezaji asipewe mwili kama wao? Kwa sababu mhusika anayekaa pale kukusalimia na kukupa kazi anahitaji miondoko michache tu: asimame, ageuze kichwa, apunge mkono. Mwili wa mchezaji unatakiwa kutembea, kukimbia, kuruka, kupanda, kushuka, kupiga mswaki manyoya, kubeba ndoo, kucheza dansi, kisha kukaa juu ya kila aina ya farasi aliyemo kwenye gemu, kuanzia poni wa miguu mifupi hadi farasi wa kazi mwenye kifua kipana, na katika kila mwendo wa huyo farasi.

Chukua mwendo mmoja tu, wa matiti, ule ulio kati ya kutembea na kwenda shoti. Mgongo wa farasi hapo unapanda na kushuka kwa mapigo mawili, na mpandaji aliyefundishwa huinuka kidogo kwenye pigo moja na kukaa kwenye la pili. Mabega yake yanapanda na kushuka. Mikono haitakiwi kupanda nayo, kwa sababu hatamu zimefungwa kwenye lijamu iliyo mdomoni mwa farasi, na mkono ukirukaruka unamuumiza mnyama. Kwa hiyo viwiko ndivyo vinavyofunguka na kufunga ili kumeza tofauti. Ukiacha miguu inayombana farasi ubavuni, mwili unashikana na vifaa vyake kwa sehemu tano: makalio kwenye tandiko, nyayo mbili kwenye vikuku vya kukanyagia, viganja viwili kwenye hatamu. Zote tano lazima zibaki mahali pake wakati kila kitu kingine kinasogea. Mpe mhusika mikono mirefu zaidi kwa upana wa vidole viwili, na kiganja kitazama ndani ya shingo ya farasi au kiwiko kitachomoza kama kimevunjika. Mchezaji anayepanda farasi kweli ataiona kasoro hiyo papo hapo, na gemu hii inachezwa na watu wanaopanda farasi kweli.

Hiyo ndiyo nusu ya ukweli iliyomo kwenye jibu la "kazi kubwa". Nusu nyingine ni kwamba tatizo hilo lina ufumbuzi wa kawaida. Mvulana wa umri wa wasichana wa Jorvik hahitaji kifua cha mnyanyua vyuma. Anaweza kutumia mifupa ile ile, kwa urefu ule ule wa mikono na miguu, tukabadilisha uso, shingo, mabega kidogo, kiuno na nywele. Mifupa ikibaki ile ile, miondoko yote ya kupanda inahama pamoja nayo bila kuguswa sana. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft iliposema kwamba kuweka wanawake wa kuchezwa katika gemu yake ya Assassin's Creed Unity kungeongeza kazi mara dufu, Jonathan Cooper, ambaye aliwahi kuongoza miondoko kwenye gemu ya awali ya mfululizo huo, alijibu hadharani kwamba kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili. Mimi nisingesema siku mbili kwa gemu yenye farasi, lakini upande wa mifupa Cooper alikuwa anasema jambo ambalo sisi wa fani hii tunalijua.

Gharama halisi ipo kwenye nguo. Nguo ya gemu hushonwa juu ya umbo moja kama fundi cherehani anavyoshona kwa vipimo vya mteja mmoja. Ukimvisha mwenye umbo jingine, ngozi inatokeza kwenye kwapa na mkunjo unakaa pasipo mkunjo. Jorvik ina maduka mengi, na nguo zimekuwa zikiongezwa mwaka baada ya mwaka. Kila shati, kila koti, kila buti lililowahi kuuzwa lingetakiwa kupimwa upya. Kila mwaka unaopita bila mvulana unaongeza rundo hilo.

Gharama ya pili ni maandishi. Gemu imetafsiriwa kwa lugha nyingi, na katika Kifaransa au Kipolandi huwezi kumwambia mchezaji "umechoka" au "umefika" bila sentensi kuonyesha kama ni wa kike au wa kiume. Sisi tunaandika "umefika" na mambo yamekwisha. Kwa wenzetu hao, kila mazungumzo yaliyoandikwa kwa msichana yanahitaji jozi yake.

Kwa hiyo ugumu upo, lakini ni ugumu uliozaliwa na uamuzi wa siku ya kwanza. Na uamuzi ule sitaki kuubeza. Waanzilishi walisema wazi kwamba wanawatengenezea wasichana. Dunia za mtandaoni zilizojengwa kwa uangalifu na pesa za kutosha huku zikimfikiria msichana wa miaka 12 zilikuwa za kuhesabika, na msichana yule alikuwa amezoea kuingia gemu za wengine na kuazima mwili wa mwanamume. Kumpa mahali ambapo yeye ndiye shujaa bila kuomba ruhusa lilikuwa jambo jema. Naliheshimu mpaka leo.

Ninachopinga ni dhana kwamba farasi ni mambo ya wasichana kwa asili yake. Uswidi yenyewe inaikanusha. Hadi katikati ya karne ya 20 mchezo huu kwenye Olimpiki ulikuwa hasa wa maofisa wa jeshi. Mwaka 1948 kule London, Uswidi ilishinda dhahabu ya timu katika densi ya farasi (dressage, ambapo farasi huonyesha hatua alizofundishwa), kisha mwaka uliofuata ikanyang'anywa kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini na si ofisa kamili. Milango ilifunguliwa Helsinki mwaka 1952: Persson akarudi na kushinda kihalali, na Lis Hartel wa Denmark, mwanamke aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio, akachukua fedha dhidi ya wanaume. Tangu hapo katika densi ya farasi, na baadaye katika kuruka viunzi pia, wanawake na wanaume wamekuwa wakishindana pamoja, kwa alama zile zile. Mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, dhahabu ya timu ya kuruka viunzi ilichukuliwa na Uswidi: Henrik von Eckermann, Malin Baryard-Johnsson na Peder Fredricson. Wanaume wawili na mwanamke mmoja.

Ila shuka chini kwenye shule za upandaji za nchi hiyo hiyo, utakuta wanachama takriban 9 kati ya 10 wa shirikisho lao ni wasichana na wanawake. Wavulana wanaanza, kisha wanaacha, kwa sababu kila wanapogeuka wanaambiwa hapa si pao. Mtoto anayeambiwa hivyo zizini, akirudi nyumbani akafungua gemu anayoipenda, anakuta inamwambia jambo lile lile.

Ipo hofu moja ninayoichukua kwa uzito: kwamba ukiweka wavulana, usalama wa wasichana mtandaoni utapungua. Lakini mwili wa kwenye skrini hauthibitishi aliyekaa nyuma yake. Mtu mzima mwenye nia mbaya anaweza kuingia leo akiwa na nywele ndefu na jina zuri la kike. Kinachowalinda watoto ni vichujio vya mazungumzo, wasimamizi wanaosoma malalamiko na mipaka ya akaunti. Kumnyima mvulana mwili hakuongezi hata kimoja.

Kama ningepewa kazi hii, nisingengoja nguo zote ziwe tayari. Ningeanza na mvulana mmoja kwenye mifupa ile ile ya msichana, mwenye nyuso na nywele za kuchagua, na vazi la kupandia: kofia ngumu, suruali ya kubana, buti, koti la mashindano. Vazi hilo kwenye uwanja wa kweli halina tofauti kubwa kati ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo halihitaji kubuniwa upya. Maduka mengine yangefunguliwa kwake polepole. Kwa miaka mingi Star Stable imekuwa ikiongeza vitu vipya kila Jumatano; fungu dogo la nguo zilizopimwa upya kila wiki lingepunguza rundo bila kusimamisha kazi nyingine. Maandishi ningeyaanza na sura za mwanzo za hadithi, pale mchezaji mpya anapopita, na wale wasichana wanne ningewaacha kama walivyo, wakiwa ndio nguzo ya hadithi, na mvulana akiwa rafiki anayepanda pamoja nao.