Maana ya "kurudia agizo" kwenye redio ya ndege

Mwongoza ndege akimpa rubani kibali cha kupanda au kushuka, rubani hatakiwi kujibu "sawa" na kunyamaza. Hutamka tena kimo alichopewa pamoja na namba ya safari yake, huku mwongoza ndege ametega sikio ahakikishe kilichorudi ndicho alichokituma. Nusu hii ya pili ndiyo husahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu aliyeitaja namba kwa kinywa chake huwa ameshaamini kwamba imefika.

Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya Marekani, Flying Tiger, safari namba 66, ilitoka Singapore kwenda uwanja wa Subang, Kuala Lumpur. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 2,400. Mwongoza ndege alitamka "descend two four zero zero". Shida ni kwamba "two", yaani mbili, na "to", yaani hadi, kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa. Marubani wakaelewa: shuka hadi nne sifuri sifuri. Jibu lililorudi lilikuwa "Okay, four zero zero". Futi 2,000 zilikuwa zimepotea hapo, na hakuna aliyezidai. Mtambo wa kuonya kwamba ardhi iko karibu ulilia, ndege ikazidi kushuka, ikagonga kilima kwenye futi 437 juu ya usawa wa bahari. Wote wanne waliokuwamo walifariki.

Kwa Kiswahili "mbili" na "hadi" haziwezi kuchanganywa hata redio ikikwaruza vipi. Ila safari za kimataifa huongozwa kwa Kiingereza, hata zikitua Dar es Salaam au Nairobi.

Ndiyo maana kimo cha namna ile hutakiwa kutajwa kwa maelfu na mamia, "two thousand four hundred", na mwisho litajwe neno futi. Hapo "two" haiwezi kugeuka "hadi", maana bila yake elfu inabaki inaning'inia. Uingereza wameenda mbali zaidi: kimo kikitajwa kwa ngazi ya safari, ile hesabu ya juu ambamo 240 ni futi 24,000, neno "to" huachwa kabisa. Tisa nayo hutamkwa "niner", isije ikasikika kama "five".

Wengi hudhani "Roger" ni jibu tosha. Maana yake ni kwamba ujumbe umepokelewa wote, lakini haisemi ni namba gani iliyopokelewa, kwa hiyo kwa kibali cha kimo haikubaliki. Rubani akirudia vibaya, mwongoza ndege husema "negative", anatamka kimo sahihi, na rubani anarudia upya.