Ile Sauti ya Kutisha Haikutoka Kwenye Kompyuta

Kila nikitazama filamu ya kutisha na watu, hakosi mmoja wa kusema: "Hizo sauti ni kompyuta tu, mtu anabonyeza." Husemwa kwa uhakika kabisa, na mara nyingi si kweli. Mimi naipenda kazi ya watunzi wa muziki wa filamu, na inaniuma jasho lao likipewa mashine. Basi nizichukue dhana ninazozisikia zaidi.

"Zile kelele za bafuni kwenye Psycho ni mayowe, au ndege, au mashine"

Ni fidla, pale mwanamke anapochomwa kisu akioga. Filamu hiyo ya Alfred Hitchcock ilitoka mwaka 1960, na mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliamua kutumia ala za nyuzi peke yake: fidla, viola, selo na dabo besi. Hakuna tarumbeta, hakuna zumari, hakuna ngoma. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, naye akataka muziki ufanane nazo, uwe na rangi hizo hizo mbili.

Ukiwahi kukaa karibu na kundi la taarabu Unguja, fidla unaijua. Hubembeleza, hulalamika, humjibu mwimbaji. Ala ni hiyo hiyo. Kilichobadilika ni mkono. Wapigaji wanapanda juu kabisa kwenye uzi, wanakwaruza kwa upinde kwa nguvu, na kila pigo lina mtelezo mfupi wa kidole, kama kitu kinachochanwa. Halafu kundi moja la nyuzi likishaingia, linalofuata linaingia na noti inayogombana na ile ya kwanza, ziko karibu mno kuweza kupatana. Sikio linataka kuzitenganisha na haliwezi.

Kuna ujanja mwingine pale ambao wengi hawaujui. Karibu muziki wote wa filamu ile ulipigwa nyuzi zikiwa na kibanio, kile kidude kidogo kinachopachikwa juu ya daraja la fidla ili mlio ufifie na kukauka. Bafuni vibanio vikatolewa. Mtazamaji amezoea kwa muda mrefu fidla zilizozibwa mdomo, na ghafla zinazibuliwa. Ndiyo maana mshtuko ule haupungui hata kwa mtu anayejua kisu kinakuja.

Wengi pia hudhani Hitchcock ndiye aliyeagiza. Yeye alitaka tukio lile lipite bila muziki wowote. Herrmann akaandika hata hivyo, akamsikilizisha, na mwongozaji akabadili uamuzi.

"Sauti za ajabu zilianza na sintesaiza"

Sintesaiza za Robert Moog, ala za umeme zinazounda sauti, zilifika kwa wanunuzi katikati ya miaka ya 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1956, mume na mke wa New York, Louis na Bebe Barron, walikuwa wameshatengeneza muziki wote wa filamu ya Forbidden Planet kwa umeme. Walijenga saketi zao wenyewe za valvu na waya, wakazilazimisha kubeba umeme kupita uwezo wake, zikalia. Nyingi ziliungua zikiwa zinalia. Saketi ikishaungua mlio wake haurudi tena, kwa hiyo walichokuwa nacho ni kile walichowahi kukinasa kwenye utepe, ambao waliukata, wakaugeuza, wakaupunguza kasi. Chama cha wanamuziki wa wakati ule kilileta ugumu, na kwenye orodha ya majina ya filamu kazi yao haikuandikwa kuwa ni muziki. Naona waliovumbua kitu kizima walistahili neno hilo moja.

Na ndege wa The Birds, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1963? Sehemu kubwa ya makelele yao ilitengenezwa Berlin na Oskar Sala kwa Trautonium, ala ya umeme iliyovumbuliwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambayo hupigwa kwa kubonyeza uzi uliotandazwa juu ya bamba la chuma. Muziki wa okestra haumo humo. Zimebaki mbawa, makelele na ukimya.

"Bila vifaa vya bei mbaya huwezi"

Nenda jikoni. Chukua sufuria ya chuma, tia maji kidogo, kama vidole viwili hivi, uishike ukingo kwa mkono mmoja bila kuikumbatia. Igonge ubavuni kwa mwiko, kisha uiinamishe taratibu huku mlio ukiendelea. Sauti itapinda. Itashuka, itapanda, itatetemeka, kwa sababu maji yanatembea na kila yanapohamia chuma kinatikisika kwa namna nyingine. Mara ya kwanza nilipofanya hivi usiku, nyumba ikiwa imelala, nilijikuta nimeiweka sufuria chini na kutazama mlangoni.

Nilichokuwa nacho mkononi ni ndugu wa ala iliyovumbuliwa na Mmarekani Richard Waters, bakuli la chuma lenye maji ndani na fito za shaba kuzunguka ukingo, zinazokwaruzwa kwa upinde wa fidla. Umeshaisikia kwenye filamu nyingi za kutisha. Ukimwona mtu kwenye skrini anatembea kwenye korido yenye giza na kitu kinanung'unika kama nyangumi aliyefungiwa ndani ya tangi, basi ndiyo hiyo.

Ennio Morricone naye, alipopewa filamu ya kikauboi isiyo na fedha nyingi mwaka 1964, A Fistful of Dollars, alitumia mluzi wa mtu, mlio wa mjeledi, kengele na gitaa.

"Kuna sauti zisizosikika zinazofichwa ili utishike"

Hili hupendwa sana mitandaoni. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde, na spika nyingi za nyumbani wala hazifiki chini hivyo, sembuse za simu. Kinachokutisha ukiwa na simu kitandani ni kitu unachokisikia.

"Siku hizi ni programu tu"

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2019 ilitoka tamthilia ya televisheni ya Chernobyl, yenye sehemu 5, kuhusu mlipuko wa kinu cha nyuklia wa mwaka 1986. Muziki wake ni wa Hildur Guðnadóttir, mpiga selo kutoka Iceland. Ukiusikiliza utaapa ni kompyuta: mngurumo mzito, filimbi kali isiyo na mpuliza, pumzi.

Ukweli ni kwamba alifunga safari hadi Ignalina, Lithuania, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia chenye vinu vya aina ile ile ya Chernobyl. Kinu cha mwisho pale kilizimwa mwaka 2009, na baadhi ya picha za tamthilia yenyewe zilipigwa humo. Akavaa mavazi ya kujikinga, akaingia pamoja na Chris Watson, bingwa wa kurekodi sauti za mahali, wakarekodi pampu, mitambo, kumbi na milango. Ndiyo, milango: mmoja wenye mlio mwembamba ukaingia kwenye muziki. Walipima pia namna kila chumba kinavyorudisha mwangwi, ili baadaye sauti yake ya kuimba iwekwe ndani ya vyumba hivyo hivyo. Zaidi ya sauti yake, karibu muziki ule wote umejengwa kwa kituo chenyewe. Kompyuta ilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kupanga na kupika kilichovunwa pale.

Na ina mantiki. Mionzi haionekani, hainuki, haina sauti. Mtunzi anaisemea vipi? Alikwenda kusikiliza nyumba yake.

Huyu huyu anavunja dhana nyingine, kwamba muziki huandikwa filamu ikishakamilika. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini kwa filamu ya Joker alianza kutunga kwa selo baada ya kusoma mswada tu, na muziki ukapigwa wakati wa kurekodi picha. Ile ngoma ya taratibu anayocheza mwigizaji Joaquin Phoenix chooni ilizaliwa kutokana na selo ile. Muziki huo ukampa Hildur tuzo ya Oscar mwaka 2020.

"Ngoma za Kiafrika kwenye filamu ni za kutia mdundo"

Hii inatuhusu, na nasikitika kuisikia hata kwa wenzetu. Ludwig Göransson, Msweden, alipopewa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, alikwenda Senegal akafuatana na mwimbaji Baaba Maal, na huko akakutana na mpiga tama, Massamba Diop. Tama ni ngoma ndogo inayobanwa kwapani. Mkono ukiikaza kamba, sauti inapanda. Ukiilegeza, inashuka, na hivyo ngoma inafuata kupanda na kushuka kwa maneno ya mtu. Katika filamu ile inamtaja shujaa, T'Challa, kwa jina.

Adui yake, Killmonger, alipewa filimbi ya Wafulani, iliyopigwa na Amadou Ba. Mpigaji haishii kupuliza. Anasema ndani yake, ananong'ona, anapiga kelele, na pumzi yake inasikika pamoja na noti. Itafute sehemu anapotokea Killmonger, uvae spika za masikioni, na usikilize pale filimbi inapoacha kuimba na mtu aliye nyuma yake anapoanza kuzungumza.